Saa imara ni ile inayokaa na chaji

Mhandisi wa Kijapani Kikuo Ibe alipobuni saa ambayo kampuni ya Casio iliizindua mwaka wa 1983 kwa jina la G-Shock, malengo yake yalikuwa matatu ya kumi kumi: saa iweze kuanguka kutoka mita 10 bila kuvunjika, istahimili maji kwa shinikizo la bari 10, na betri yake idumu miaka 10. Watu wengi hukumbuka malengo mawili ya kwanza na kulisahau la tatu. Kwa maoni yangu la tatu ndilo lenye uzito zaidi kwa mtu anayevaa saa kwa kazi au kwa safari, kwa sababu saa isiyovunjika lakini imezima haiwezi kumwonyesha njia ya kurudi wala kumwambia giza litaingia baada ya muda gani.

Saa janja zinazouzwa hapa Nairobi kwa sifa ya uimara, kuanzia Garmin Instinct hadi Amazfit T-Rex, hutangazwa kwa kiwango cha kijeshi cha Marekani kiitwacho MIL-STD-810. Kiwango hicho hueleza namna ya kuvipima vifaa dhidi ya mitikiso, joto, baridi, unyevu na vumbi, wala hakisemi lolote kuhusu betri itakaa siku ngapi. Ndani ya kasha lile gumu mna betri ya lithiamu ya jamii moja na ile ya simu, ila ni ndogo sana: T-Rex ya kwanza, iliyotoka mwaka wa 2020, ilikuwa na betri ya mAh 390, ilhali simu nyingi za sasa zina mAh 5,000 hivi. Kwa hivyo saa haikai na chaji kwa sababu ya ukubwa wa betri yake. Inakaa na chaji kwa sababu inafanya kazi kidogo, na kiasi cha kazi hiyo kinaamuliwa na mwenye saa kupitia mipangilio.

Wenzangu tunaokimbia nao katika msitu wa Karura na kupanda milima wikendi hulalamika kwamba waliahidiwa wiki mbili au tatu na wanapata siku nne. Ushauri wanaopewa mara nyingi ni kuzima kila kitu, nami siukubali ushauri huo hata kidogo. Aliyezima kila kitu amebaki na saa ya kawaida aliyoilipia bei ya saa janja. Swali ninalowaomba wajiulize ni tofauti: ni kazi zipi ambazo saa yangu inazifanya usiku na mchana, na matokeo yake siyasomi kamwe? Hizo ndizo za kuzimwa, na zile unazozisoma ziachwe ziendelee hata kama zinakula chaji, kwa maana ndizo zilizokufanya uinunue saa.

Kabla ya kugusa mipangilio yoyote, ni vyema kuijua saa yako inapokuwa imetulia. Tazama asilimia ya betri unapopanda kitandani, kisha itazame tena unapoamka. Usiku hakuna setilaiti, hakuna mazoezi, skrini haiwashwi, kwa hivyo kinacholiwa wakati huo ni gharama ya kazi za chinichini peke yake. Ukibadilisha jambo moja, lipe usiku kadhaa kabla ya kubadilisha jingine. Wanaobadilisha mambo sita kwa mpigo hufurahia matokeo bila kujua yametokana na nini, kisha hukaa bila vitu walivyovipenda kumbe havikuwa na hatia.

Skrini ndiyo mahali pa kuanzia, na hapa ndipo ushauri mwingi hupotosha, kwa kuwa saa hizi zina skrini za aina mbili zisizofanana. Instinct na Instinct 2 zina skrini ya rangi moja ambayo kila pikseli yake ina kumbukumbu yake ndogo. Pikseli ikishaambiwa iwe nyeusi hubaki nyeusi bila kukumbushwa tena na tena, na mwanga unaoifanya isomeke ni ule wa jua au wa taa ya chumbani unaorudi kutoka nyuma ya kioo. Ndiyo maana inaonekana muda wote bila gharama kubwa, na kadiri jua linavyokuwa kali ndivyo inavyosomeka vizuri zaidi. T-Rex ina skrini ya AMOLED, ambayo kila pikseli hutoa mwanga wake yenyewe, na pikseli nyeusi ni pikseli iliyozimwa.

Tofauti hiyo hubadilisha kila kitu. Kuchagua sura ya saa yenye mandhari meusi ni hatua nzuri sana kwenye AMOLED, kwa sababu unakuwa umezima sehemu kubwa ya skrini. Kwenye Instinct hatua hiyohiyo haikusaidii kitu. Kule kinachogharimu ni mabadiliko ya picha na ile taa ya kumulikia skrini gizani. Sura ya saa inayoonyesha sekunde zikisonga huilazimu saa kuchora upya kila sekunde, mchana na usiku, hata ukiwa umelala fofofo. Ukichagua sura inayoonyesha saa na dakika tu, picha hubadilika mara moja kwa dakika. Zile sura za kupakuliwa zilizojaa hali ya hewa, mapigo ya moyo, idadi ya hatua na awamu za mwezi ndizo ninazozitilia shaka kuliko zote, kwa kuwa hujui aliyeziandika alikuwa mwangalifu kiasi gani. Saa ikianza kuisha chaji ghafla baada ya kuwekewa sura mpya, rudisha sura iliyotoka kiwandani kwanza, halafu ndipo utafute mchawi mwingine.

Kwa wenye AMOLED, uamuzi mkubwa ni mmoja: je, skrini iwake muda wote au iwake ukiitaka? Takwimu za Garmin zenyewe kuhusu Epix ya mwaka wa 2022, ambayo ni saa ya nje yenye skrini ya aina hiyo, zinaeleza wazi. Kampuni iliahidi hadi siku 16 skrini ikiwa inawashwa inapohitajika, na siku 6 ikiwa inawaka muda wote. Hakuna jambo jingine katika mipangilio ya kila siku linaloweza kukurudishia siku 10. Mwangaza nao upunguzwe hadi pale unaposomeka kivulini, na muda wa skrini kukaa ikiwaka uwe sekunde nne au tano, kwa maana kusoma saa hakuhitaji zaidi ya hapo.

Ule uwezo wa skrini kuwaka unapoinua mkono ndio uliomsumbua binamu yangu, ambaye husafirisha vifurushi kwa pikipiki kutoka katikati ya jiji hadi Rongai na Kitengela. Aliniambia jioni moja, "Kaka, hii saa waliniuzia kwa sifa za jeshi, na bado naichaji kila usiku kama simu." Nilipanda nyuma yake tukielekea Rongai giza likiwa limeshaingia, nikawa naangalia mkono wake wa kushoto. Kila alipovuta klachi, saa iliwaka. Kila tulipopita tuta, saa iliwaka. Tuliposimama kwenye msongamano, ikatetemeka na kuwaka kwa ujumbe wa kikundi cha mchango wa harusi, ikatetemeka tena kwa ujumbe wa M-Pesa, kisha mara kadhaa mfululizo kwa salamu za kikundi cha WhatsApp cha mtaa wake. Hakuitazama hata mara moja, na haki ilikuwa yake, kwa sababu macho ya mwendesha pikipiki yanapaswa kuwa barabarani.

Tulipofika nilimshauri azime kuwaka kwa kuinua mkono, awe anabonyeza kitufe anapotaka kujua saa ngapi. Kuhusu arifa, hatukuzizima zote, kwa kuwa mteja akimpigia simu na simu iko ndani ya koti, mtetemo wa mkononi ndio unaomjulisha. Tuliacha simu zinazoingia, ujumbe mfupi na ile programu inayomletea kazi, tukaziondoa arifa za vikundi vyote. Mota ndogo inayotetemesha saa ni miongoni mwa sehemu zinazovuta umeme mwingi kwa wakati mmoja, na kila mtetemo huambatana na skrini kuwaka, kwa hivyo arifa mia moja kwa siku si jambo dogo. Sasa anaichaji Jumapili anaporudi kutoka kanisani. Abiria wa matatu nao wana shida hiyohiyo, ingawa wengi hawaitambui: ukishika chuma cha kiti cha mbele kwenye barabara yenye mashimo, saa huamini kwamba unaitazama.

Muunganisho wa Bluetooth na simu hulaumiwa kuliko inavyostahili. Ule wa matumizi madogo ya umeme, ulioingia na toleo la 4.0 mwaka wa 2010, ulibuniwa kwa ajili ya vifaa vya namna hii na hauli kiasi cha kutisha simu ikiwa karibu. Uzime tu unapoiacha simu mbali kwa saa nyingi, kwa sababu hapo saa huendelea kutangaza uwepo wake ikiitafuta. Wi-Fi izimwe kabisa kama saa yako inayo na huitumii. Muziki kutoka kwenye saa hadi kwenye spika za masikioni hula sana, na anayetaka muziki na setilaiti kwa pamoja ajue kwamba muda wa betri utahesabiwa kwa saa, si kwa siku.

Vihisi vilivyo chini ya saa vinahitaji maelezo zaidi. Kile cha mapigo ya moyo humulika ngozi kwa taa za kijani, kwa kuwa damu hufyonza mwanga wa kijani, na mabadiliko ya mwanga unaorudi ndiyo yanayohesabiwa kuwa mapigo. Kihisi hicho kwenye saa nyingi kimepangwa vizuri, na mimi nakiacha kifanye kazi usiku na mchana kwa sababu mapigo ya moyo yangu ninapopumzika nayasoma kila asubuhi na hunionya ninapokuwa nimechoka au homa inaninyemelea. Cha oksijeni kwenye damu ni tofauti. Kinatumia taa nyekundu na mionzi isiyoonekana kwa macho, kinahitaji utulivu, na kikiachwa kipime usiku kucha hula chaji nyingi mno. Watengenezaji wenyewe hutoa onyo hilo katika maelezo ya matumizi.

Sasa fikiria mtu anayeishi Nairobi, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambaye mwili wake umezoea hewa ya hapa tangu utotoni. Grafu ya oksijeni ya kila usiku inamwambia nini? Kwa wengi wetu haisomwi kamwe. Iondoe kwenye upimaji wa usiku na uipime kwa mkono unapotaka. Jaribu hilo pamoja na kipimo cha asilimia za kulala na kuamka nilichokieleza hapo juu, na utaona tofauti asubuhi inayofuata. Anayepanda Mlima Kenya ana sababu ya kupima akiwa kambini, lakini hata yeye apime mara moja akiwa ameketi, na asiiamini namba ya mkononi kuliko kichwa kinachouma na kichefuchefu. Dalili hizo ndizo zinazomwambia ateremke.

Setilaiti ndiyo kazi kubwa kuliko zote, na ndiyo ambayo hatupaswi kuionea uchoyo kwa kuwa ndiyo inayotuonyesha njia. Setilaiti za GPS huzunguka kwenye umbali wa kilomita 20,200 hivi juu ya dunia, na mawimbi yanapofika kwenye mkono wako ni hafifu sana, kwa hivyo kipokezi lazima kifanye kazi ya kuyachambua kutoka kwenye kelele. Data hutumwa kwa mwendo wa biti 50 kwa sekunde, mwendo wa kobe kwa viwango vya leo. Setilaiti moja huchukua sekunde 30 kueleza mahali ilipo kwa usahihi, na dakika 12 na nusu kutoa orodha nzima ya setilaiti zote. Saa isiyo na taarifa hizo hulazimika kuzisubiri angani huku kipokezi kikifanya kazi kwa nguvu zote.

Dawa yake ni rahisi: unganisha saa na simu kabla ya kutoka nyumbani. Programu ya simu hupakua kutoka kwenye intaneti utabiri wa mahali setilaiti zitakapokuwa kwa siku zijazo na kuupeleka kwenye saa. Saa iliyopata faili hilo hupata mahali ilipo kwa sekunde chache, na isiyolipata inaweza kuhangaika kwa dakika kadhaa. Halafu simama mahali wazi. Nimewaona watu wakianzisha mbio ndani ya maegesho ya chini ya jengo, au wakiwa bado ndani ya gari, kisha wakashangaa kwamba njia yao inaanzia mtaa wa pili. Pale Karura, simama penye uwazi karibu na lango hadi saa ikuthibitishie, ndipo uingie chini ya miti.

Kisha kuna suala la kuchagua setilaiti za nchi zipi na masafa mangapi. Mbali na GPS ya Marekani, saa nyingi husoma GLONASS ya Urusi, Galileo ya Umoja wa Ulaya na BeiDou ya Uchina, na zilizo ghali husoma masafa mawili kwa pamoja. Uwezo huo una bei yake. Nikirudi kwenye Epix ileile, Garmin ilitaja muda wa hadi saa 42 kwa GPS peke yake, saa 32 kwa mifumo yote, na saa 20 kwa mifumo yote pamoja na masafa mawili. Masafa mawili yana faida pale mawimbi yanapogonga kuta na kurudi, kama katikati ya jiji kati ya majengo marefu ya Kenyatta Avenue na Haile Selassie Avenue, au kwenye bonde lenye kuta za mawe kama Hell's Gate. Kwenye vilima vya Ngong, ambako anga yote iko wazi kutoka upeo hadi upeo, GPS peke yake inatosha kabisa, na sioni sababu ya kulipa nusu ya betri kwa usahihi ambao hauonekani kwenye ramani.

Zipo pia hali za kuokoa chaji ambazo huzima kipokezi kwa vipindi na kukisia hatua zako kwa kutumia kihisi cha mwendo. Instinct 2 inaahidiwa saa 30 za GPS ya kawaida na hadi saa 70 katika hali ya kuokoa. Hali hiyo siipendekezi hata kidogo kwa mbio za Karura, kwa sababu njia za mle hupinda mara kwa mara, na saa inayotazama anga mara chache hukata kona na kukupunguzia umbali uliokimbia kwa jasho lako. Kwa matembezi ya siku kadhaa hesabu ni nyingine. Anayepanda Mlima Kenya kupitia Sirimon, akilala Old Moses kwenye mita 3,300 na Shipton kwenye mita 4,200 kabla ya kukipanda kilele cha Lenana chenye mita 4,985, hahitaji nukta ya kila sekunde kwenye njia ambayo mwongozaji wake anaijua kwa moyo. Hali ya msafara kwenye Instinct 2, ambayo kwa kawaida huweka nukta moja kila saa, humhifadhia kumbukumbu ya safari nzima bila kuchaji. Mimi napendelea kuitumia hiyo njiani, kisha niwashe GPS kamili usiku wa kukwea kileleni, wakati ukungu unaweza kuficha njia na usahihi una maana.

Usiku huo una adui mwingine. Watu huondoka Shipton saa nane au saa tisa za usiku ili wakute jua likichomoza, na wakati huo halijoto huwa chini ya nyuzi sifuri. Baridi hupunguza kasi ya kemikali ndani ya betri ya lithiamu, volti hushuka, na saa inaweza kujizima ikiwa bado ina chaji. Usiifunge saa juu ya koti kwa ajili ya kuisoma kwa urahisi. Ivae kwenye ngozi, chini ya mkono wa koti, joto la mwili liitunze. Ikishazima kwa baridi, iweke kifuani kwa muda, na ukiiwasha mara nyingi itaamka na asilimia zake.

Jambo la mwisho kuhusu setilaiti ni kumaliza shughuli. Kusimamisha kwa muda si kumaliza. Kwenye saa nyingi kipokezi huendelea kufanya kazi hata kama hesabu ya dakika imesimama, na anayekunywa chai kwa saa nzima baada ya mbio bila kuhifadhi shughuli yake analipia anga asiyoihitaji.

Wengi huniuliza kama saa za sola zinafaa hapa kwetu. Zinafaa, kwa masharti. Garmin ilisema Instinct 2 Solar inaweza kukaa bila kikomo katika matumizi ya kawaida ikiwa mvaaji yuko nje saa tatu kwa siku kwenye mwanga wa luksi 50,000. Nairobi iko digrii moja na kidogo tu kusini mwa Ikweta, na jua letu la Januari na Februari hupita kiwango hicho bila shida, kwani jua kali la mchana hufikia luksi 100,000. Lakini kati ya Juni na Agosti jiji hukaa chini ya wingu zito siku nyingi mfululizo, na mwanga hushuka hadi luksi elfu kadhaa au elfu kumi hivi. Wakati huohuo sote tunavaa masweta na makoti yanayofunika mikono. Ofisini taa hutoa luksi mia tatu hadi mia tano, kiasi ambacho kwa paneli ndogo ya saa ni kama hakipo. Mkulima, mfanyakazi wa ujenzi wa barabara na mwongozaji wa watalii watafaidi. Anayefanya kazi ghorofani Upper Hill asilipie sola kwa matumaini ya dirisha.

Kuhusu kuchaji kwenyewe, joto ndilo jambo la kuogopwa. Betri za lithiamu huchajiwa salama kati ya nyuzi sifuri na 45, na dashibodi ya gari lililoegeshwa juani hupita hapo kwa urahisi. Betri iliyojaa pomoni na iliyo kwenye joto huzeeka haraka kuliko ile iliyo nusu na mahali pa baridi, kwa hivyo saa ambayo hutaivaa kwa miezi iwekwe kabatini ikiwa na nusu ya chaji. Kwa saa unayoivaa, njia ninayoipenda ni kuichaji kidogo kidogo unapooga na kunywa chai ya asubuhi, badala ya kuiacha kwenye waya usiku kucha ikiwa tayari imejaa.

Stima ikipotea na ukategemea pawabenki, lipo tatizo ambalo huwashangaza watu hata mlimani. Saa huvuta umeme mdogo sana, na pawabenki nyingi hudhani hakuna kilichounganishwa, zikajizima baada ya muda mfupi. Unaamka ukidhani saa imejaa, kumbe imepata dakika chache tu. Baadhi ya pawabenki zina hali ya vifaa vidogo, mara nyingi kwa kubonyeza kitufe mara mbili, na zile zisizo nayo zinaweza kudanganywa kwa kuunganisha simu kwenye tundu la pili kwa wakati mmoja. Ijaribu nyumbani kabla ya safari.

Vipo visa ambavyo mipangilio haihusiki. Mfanyakazi mwenzangu alinikaribisha nimsindikize hadi Luthuli Avenue kununua betri mpya, kwa kuwa saa yake ilikuwa haizidi asilimia sitini hata ikichajiwa usiku kucha. Fundi aliigeuza, akaiweka chini ya lenzi, akamwambia, "Mkubwa, usinunue betri bado. Hebu angalia hizi pini." Tuliinama wote wawili. Vidoti vinne vya chuma vilivyopaswa kung'aa vilikuwa na ukoko wa kijani na mweupe, chumvi ya jasho iliyokauka juu yake mwezi baada ya mwezi. Akalowesha mswaki wa zamani kwa spiriti, akasugua taratibu, akapangusa kwa kitambaa, na saa ikapokea chaji kama kawaida. Tangu hapo nimekuwa nikiwaambia watu waisuuze saa kwa maji safi baada ya kukimbia na kuikausha nyuma kabla ya kuiweka kwenye chaja, kwa sababu umeme ukipita kwenye pini zenye unyevu wa chumvi huharakisha kutu.

Betri nayo huzeeka, na baada ya kuchajiwa mamia ya mara hubeba kidogo kuliko ilipokuwa mpya. Utajua imefika wakati huo asilimia zinaposhuka kwa kuruka, kutoka thelathini hadi tano bila sababu, au usiku mtulivu unapokula mara mbili ya ulivyokuwa ukila na hukubadilisha kitu. Hapo kubadilisha betri ni halali, lakini kumbuka kwamba kufungua kasha huigusa raba inayozuia maji. Mwombe fundi aweke raba mpya, si kuirudisha ya zamani, na umuulize kama ana mashine ya kupima shinikizo la maji. Kama hana, ivae saa hiyo mvuani bila wasiwasi mwingi, lakini uivue kabla ya kuingia kwenye bwawa la kuogelea.